Matunda moto ya asali na tangawizi: maswali ninayoulizwa kila Julai

Baridi ya Nairobi huingia kimyakimya mwezi wa Juni, na ikifika katikati ya Julai hakuna mtu anayetaka kusikia habari ya saladi ya matunda iliyotoka kwenye friji. Hapo ndipo simu yangu huanza kulia. Wenzangu wa chama, jirani wa ghorofa ya juu, shemeji aliyehamia Rongai, wote wana swali lile lile: yale matunda ya moto uliyotupikia unayapikaje? Nimechoka kuandika ujumbe mmoja mara ishirini. Majibu yote nimeyaweka hapa, na maswali nimeyaacha kama yalivyoulizwa.

Kwanza, ni chakula gani hasa?

Ni matunda yaliyokatwa vipande vikubwa, yakapikwa taratibu kwenye maji ya tangawizi na viungo mpaka yakalainika bila kupondeka, kisha yakatiwa asali moto ukishazimwa. Huliwa kwa kijiko, yangali moto, pamoja na rojo lake. Si jamu, kwa maana hatungoji yagande, wala si juisi.

Kama umekulia Pwani, lichukulie kuwa binamu wa ndizi mbivu za nazi. Ndiko lilikotoka, kwangu mimi. Mama alikuwa akipika mzuzu kwa tui, sukari na iliki, nyumba nzima ikanukia hadi kwa majirani. Nilipohamia Nairobi nikakuta mzuzu ni wa kutafutwa na nazi bei yake inakera, lakini nanasi na peasi zipo kila kona. Nikabadilisha.

Nipe vipimo basi.

Kwa watu wanne: nusu ya nanasi la wastani, peasi tatu ambazo bado ni ngumu kidogo, ndizi mbivu mbili, tende sita zilizotolewa kokwa. Tangawizi mbichi, kipande cha urefu wa kidole gumba. Kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu nne, iliki tano zilizopasuliwa, punje sita za pilipili manga. Maji kikombe kimoja na nusu. Nusu ya ndimu. Chumvi, ile ya kushika kwa ncha za vidole viwili. Asali vijiko vinne vya chakula. Ukipenda, siagi kijiko kimoja cha chai.

Weka viungo vikavu kwenye sufuria, moto mdogo, uvigeuzegeuze kama dakika moja hadi harufu ipande. Mimina maji, tia tangawizi uliyoikata vipande vyembamba, funika, iache itokote dakika 10. Tia nanasi, lipe dakika 8. Peasi na tende zifuate, dakika 10 hadi 12. Ndizi ziingie mwisho kabisa, dakika mbili tu. Zima moto. Tia chumvi na siagi. Subiri dakika tano bila kufanya lolote. Sasa tia asali, kisha kamulia ndimu. Changanya kwa kuitikisa sufuria. Mwiko utakuvunjia peasi.

Mapishi yenyewe ndiyo hayo. Yanayofuata ni sababu zake, pamoja na makosa yangu.

Kwa nini asali iingie mwisho? Mimi huitia mwanzoni na inakuwa tamu vilevile.

Tamu itakuwa. Lakini utamu hata sukari ya dukani unao. Unachomlipa mrina asali ni harufu, na harufu hiyo hupaa na mvuke. Ukiichemsha asali nusu saa pamoja na nanasi, jirani yako kwenye korido ndiye atakayeifaidi, wewe utabaki na sukari ya bei ghali.

Siku moja nilipika sufuria mbili sambamba, matunda yale yale, asali kutoka chupa ile ile. Moja niliitia asali mwanzo, nyingine mwisho. Niliwaonjesha watoto bila kuwaambia tofauti. Ile ya kwanza walisema ni tamu. Ile ya pili mdogo wao akaweka pua juu ya bakuli kwanza, akanyamaza, halafu akauliza kama nimetia maua. Tangu siku hiyo sijarudi nyuma.

Zile dakika tano za kusubiri baada ya kuzima moto zina kazi. Mvuke unapungua, rojo linatulia, na asali inayeyuka bila kuunguzwa.

Nimetumiwa ujumbe kwamba asali ikichemshwa inakuwa sumu. Ni kweli?

Hapana. Watu wameoka keki na mikate ya asali kwa karne nyingi na wanaendelea kuishi. Dhana hii ina mizizi katika tiba ya jadi ya Wahindi, ambayo hukataza asali ya kuchemshwa, na huku kwetu imesambazwa kwenye simu bila maelezo. Joto huiondolea asali harufu, hulegeza vimeng'enya vyake, yaani zile protini zinazovunjavunja vitu, na kuitia rangi ya kahawia zaidi. Hasara ni ya ladha, na hiyo kwangu ni sababu tosha ya kutoichemsha.

Ninunue asali gani?

Asali unayoipenda ukiilamba tupu. Asali nyingi nzuri inayofika Nairobi hutoka maeneo makavu: Baringo, Pokot Magharibi, Kitui hasa pande za Mwingi, na Makueni, ambako nyuki hufuata maua ya migunga. Hiyo huwa na rangi nyepesi na ladha tulivu, nayo hukaa vizuri na peasi. Kuna nyingine nyeusi yenye harufu ya moshi, mara nyingi kutoka kwenye mizinga ya magogo inayorinwa kwa moto wa usiku. Wengi huikataa. Mimi huinunua makusudi kwa ajili ya nanasi, maana moshi na nanasi ni marafiki.

Sasa niseme lililonipata. Miaka kadhaa iliyopita mtu alipita mtaani kwetu na ndoo, ndani yake masega mawili yanaelea, na nyuki mmoja aliyekufa akiwa juu kama ushahidi. Nilinunua lita nzima. Nilipofika nyumbani nikaitia kwenye matunda, ikayeyuka bila kunukia chochote. Nikailamba tupu: sukari guru iliyochemshwa. Sega ni rahisi kulitia kwenye ndoo ya chochote. Siku hizi nina mama mmoja ninayenunua kwake, na nikienda kwake lazima nionje kabla ya kutoa pesa.

Si kuna njia ya kuijaribu nyumbani, ile ya njiti ya kiberiti au glasi ya maji?

Nimezijaribu zote na haziaminiki hata moja. Asali halisi yenye maji mengi haiwaki kwenye kiberiti. Sharubati nzito ya sukari huzama kwenye glasi vizuri tu. Habari ya sisimizi hata sitaijibu. Uhakika hupatikana maabara.

Asali yangu imeganda kama samli. Imeharibika?

Haijaharibika. Asali ina glukosi nyingi, na glukosi hupenda kujikusanya kuwa chembe, hasa kwenye baridi kama hii. Weka chupa kwenye bakuli la maji ya moto unayoweza kuvumilia kwa mkono, ngoja robo saa. Usiiweke sufuriani moja kwa moja. Na kwa mapishi haya huna hata haja ya kuiyeyusha, rojo litaiyeyusha lenyewe.

Umesema peasi au mapera?

Peasi! Nimeshapigiwa simu na mtu aliyekuwa amesimama sokoni na kilo mbili za mapera. Pera ni lile tunda lenye mbegu ndogo ngumu na nyama nyeupe au ya waridi, linalonukia chumba kizima. Peasi ni lile lenye umbo la kibuyu, jamaa wa tufaha. Kwa Kireno pera ndiyo peasi yenyewe, kwa hiyo mkanganyiko huu si wa jana.

Hata tufaha lina kesi yake. Ukimwambia mtu wa Nairobi tufaha, atakuletea lile jekundu la dukani, na mengi ya hayo hutoka Afrika Kusini. Ukimwambia bibi wa Mombasa, huenda akafikiria tofaa la kule, lile laini lenye maji mengi na ngozi ya waridi. La Mombasa usilipike, litayeyuka.

Mapera nayo yanapikika, lakini chuja mbegu au jiandae kutafuna changarawe.

Naweza kutumia matunda gani mengine?

Karibu yote magumu. Matufaha badala ya peasi, dakika zile zile. Plamu, zikija kwa wingi kati ya Desemba na Februari hivi, zikate katikati na uzipe dakika tano. Rojo litageuka rangi ya divai na utahitaji asali kijiko kimoja zaidi kwa sababu ya ukali. Embe lisiloiva sana linafaa mno, hasa msimu wa kuanzia Novemba ambapo maembe ya Makueni na Machakos yanajaa Marikiti. Liingie pamoja na ndizi.

Paipai sipendi. Likipikwa linanuka, na sitabadili kauli. Tikiti maji ni kupoteza gesi. Chungwa tumia maganda yake, utepe mmoja usio na sehemu nyeupe, uingie na tangawizi. Karakara hazipikwi: kamulia juu ya bakuli wakati wa kula.

Mbona matunda yasiingie yote mara moja? Nina haraka.

Kwa sababu ndizi ikikaa dakika 20 inakuwa uji na nanasi likikaa dakika mbili bado linakwaruza ulimi. Kila tunda lina saa yake. Nanasi ndilo gumu zaidi, na linahitaji joto kwa sababu nyingine: likiwa bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, ndicho kinachofanya ulimi uwashe ukila nusu nanasi peke yako. Joto hukiua. Ndiyo maana nanasi lililopikwa unaweza kulimwagia maziwa au yogati bila wasiwasi, lakini bichi likikaa na yogati linaleta uchungu.

Kama una haraka kweli, pika nanasi na matufaha tu, uache ndizi. Usipike vyote kwa pupa halafu unipigie.

Hapa kwangu peasi zilichukua dakika 20. Kitabu cha mapishi kilisema 10.

Kitabu huenda kiliandikwa ufukweni. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi na maji huchemka kwa joto la chini: Mombasa ni nyuzi 100, hapa ni kama nyuzi 94. Sufuria inatokota kwa kelele zile zile, ila maji yenyewe hayana ukali ule. Ndiyo maana pia maharagwe ya Nairobi yanakula gesi. Kuongeza moto hakusaidii, maji yatakauka tu. Funika sufuria, ongeza dakika.

Usitazame saa peke yake. Chukua ncha ya kisu, iingize kwenye kipande cha peasi. Iingie bila kusukuma, lakini kipande kisikatike. Ukiona kingo za peasi zimeanza kupauka na kuwa kama kioo, umefika.

Tangawizi: niikwangue, niikate au nitie ya unga?

Ikate vipande vyembamba kama shilingi. Ukiikwangua, nyuzi zitabaki kwenye rojo na kila kijiko kitakuja na ndevu. Kumenya tumia ukingo wa kijiko cha chai, si kisu: ngozi inatoka kama vumbi na hupotezi nyama.

Tangawizi changa, ile yenye ngozi laini inayong'aa, ni ya maji na haina ukali mwingi. Iliyokomaa, yenye ngozi iliyokunjamana na nyuzi ndani, ndiyo ya baridi ya Julai. Ile ya unga ni mnyama mwingine. Tangawizi inapokaushwa, sehemu ya kile kinachoipa ukali hugeuka kuwa kitu kikali zaidi, na inapopikwa mbichi kwa muda ukali hupoa ukawa mtamutamu. Ndiyo maana ya unga inachoma koo na mbichi inapasha kifua. Ukilazimika, robo kijiko cha chai yatosha sufuria nzima.

Nilimwagia maziwa yakakatika. Nilikosea wapi?

Pole, nami yalinipata, tena mbele ya mama mkwe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuja kwetu tangu harusi. Nilitaka kujionyesha. Matunda yalikuwa yamekaa vizuri, nikaona rangi ya rojo imepauka kidogo, nikakwangua tangawizi mbichi juu ili inukie, kisha nikamimina maziwa moto kutoka kwenye jagi, nikiwa nimesimama pale pale mezani. Tukayatazama wote wawili yakigeuka mabonge, polepole, kama maziwa lala yaliyosahauliwa. Mama mkwe akachukua kijiko, akakoroga, akasema, "Kwetu haya tunayapika hivi makusudi." Si kweli, hawapiki hivyo. Nampenda yule mama mpaka leo.

Sababu niliijua baadaye. Tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya kinachovunja protini, kama nanasi, na hiki hugandisha maziwa. Kikichemshwa vizuri kinakufa. Ni jambo lile lile linalotokea kwenye chai: ukitia tangawizi mbichi kwenye maziwa yanayopata joto polepole yanakatika, ukiichemsha kwanza na maji hayakatiki. Kwa hiyo tangawizi ipate zile dakika 10 zake, na usiongeze mbichi mwishoni kama kuna maziwa. Ndimu nayo ina kosa lake hapo: ukitaka maziwa, acha ndimu.

Karafuu nne tu? Naona chache.

Karafuu haiombi ruhusa. Tano ukiwa na karafuu nzuri za Unguja au Pemba, matunda yataanza kunuka kama dawa ya meno. Nne, na ukishindwa kujizuia zitoe baada ya nanasi kuiva.

Mdalasini ndio unaoruhusu mkono mzito, lakini angalia unachonunua. Vile vijiti vinene, vigumu kama gome la mti, vilivyojikunja mara moja, ndivyo vinavyouzwa kila mahali. Vina ladha kali na vinavumilia kuchemshwa. Vile vyembamba vilivyokunjwa tabaka nyingi kama msokoto wa sigara ni mdalasini wa Sri Lanka, laini na wa bei. Maduka ya viungo ya Ngara, Parklands na Eastleigh huwa na vya aina zote mbili. Kwa mapishi haya, kile kinene kinatosha. Cha bei kiweke kwa ajili ya maziwa.

Pilipili manga usiiache. Watu huniangalia nikitaja, kisha hula, kisha huomba tena.

Nina sukari tu. Itakuwaje?

Itakuwa tamu na haitakuwa hii. Lakini usilale njaa: tia vijiko vitano au sita vya sukari mwanzoni pamoja na maji, kwa maana sukari haina harufu ya kupoteza. Sukari guru ni bora zaidi, ina ladha ya moshi na molasi.

Nilitia konflawa rojo likawa zito vizuri. Asubuhi nikakuta maji. Nani alimwaga?

Hakuna aliyemwaga. Asali mbichi ina kimeng'enya kinachokata wanga, na usiku kucha kilikuwa kazini ndani ya friji yako. Nilihangaika na hili mwaka mzima nikilaumu aina ya konflawa.

Mimi siku hizi sitii kabisa. Ponda tende mbili kati ya zile sita kwa uma kabla ya kuzitia, zitayeyuka na kulifanya rojo liwe zito. Au toa matunda kwa mwiko wenye matundu, chemsha rojo peke yake dakika tano lipungue, kisha ndio usubiri na kutia asali.

Mtoto wangu ana miezi minane. Nimwonjeshe?

Asali, hapana. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata tone, hata iliyopikwa. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo tumbo la mtu mzima huzishinda lakini la mtoto mchanga halijaweza, na moto wa jikoni hauziui. Mtolee vipande vya peasi kabla hujatia asali, uviponde, na mpikie bila pilipili manga.

Na mwenye kisukari?

Asali ni sukari. Imetoka kwa nyuki, imejaa harufu ya maua, lakini mwilini inapandisha sukari ya damu. Kuna watu wanauza asali kwa maneno kwamba "hii haina shida". Ina shida. Tende na ndizi pia zinahesabika. Baba yangu mdogo nampikia peasi na matufaha, viungo vyote, bila asali wala tende, bakuli dogo, na hajalalamika. Mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize daktari wake kabla ya kuzoea tangawizi nyingi kila siku.

Nina jiko la makaa, si meko ya gesi.

Umebarikiwa. Makaa yakishapata majivu juu yanatoa joto lile la taratibu ambalo meko huwezi kulipata bila kuweka bati chini ya sufuria. Shida ni kuzima: toa sufuria kabisa, usiiache juu ya jiko ukidhani limepoa. Na fungua dirisha. Baridi au si baridi, makaa ndani ya chumba kilichofungwa yanaua.

Nipikie kwenye sufuria yoyote?

Kupika, ndiyo. Kulaza, hapana. Nanasi na ndimu ni kali, na zikilala usiku kucha kwenye sufuria ya alumini zinachukua ladha ya bati. Hamishia kwenye bakuli la glasi, la udongo au la plastiki lenye kifuniko.

Yanakaa siku ngapi?

Kwenye friji siku tatu. Siku ya pili ndiyo tamu kuliko zote, viungo vimeingia hadi ndani ya peasi. Pasha kiasi unachokula tu, kwa moto mdogo, na ongeza asali kidogo mwishoni kuirudishia harufu. Ndizi za siku ya pili zitakuwa zimelegea. Kama unapikia kesho, zitie kesho. Stima ikipotea usiku kucha, onja kabla hujampa mtu, na kama yamechacha yamwage.

Niyale na nini?

Peke yake kwanza. Baada ya hapo, asubuhi juu ya uji wa wimbi usiotiwa sukari. Jioni na mandazi ya jana yaliyopashwa, unayachovya kwenye rojo. Mala baridi juu ya matunda moto inashangaza watu, joto na ubaridi vikikutana mdomoni. Korosho zilizokaangwa zikivunjwavunjwa juu, sawa. Na chapati? Watoto wangu hufanya hivyo nikiwa nimegeuka.

Nataka kupeleka kwenye mkutano wa chama. Nitumie chupa ya chai?

Mdomo wa chupa ya chai ni mwembamba, utayaponda matunda ukiyatoa. Tumia hotpoti ya chapati. Imwagie maji yanayochemka kwanza, ifunike dakika tano, mwaga maji, ndipo utie matunda. Yatakaa moto saa mbili, tatu bila shida. Punguza muda wa peasi kwa dakika tatu, kwa sababu zitaendelea kuiva humo ndani. Asali ibebe kando kwenye chupa ndogo, uitie ukifika.

Ninaweza kuyauza?

Mwenzetu mmoja anayauza jioni karibu na kituo cha matatu, kikombe kwa kikombe, na Julai hakosi wateja. Ushauri wake ni huu: nanasi na ndizi tu, kwa sababu peasi zinakula faida, na asali hutiwa mbele ya mteja akiona. Kabla ya sufuria, shughulikia cheti cha afya cha mpishi na kibali cha biashara cha kaunti, maana askari wa kaunti hawaonjeshwi wakaridhika.

Vile vipande vya tangawizi vinaliwa?

Mume wangu anavila. Mimi naviacha chini ya sufuria na lile rojo la mwisho, nakamulia ndimu iliyobaki, namimina maji ya moto juu, nakunywa nikiosha vyombo.